Aliyetutembelea Tukiwa Wazima

Juzi, nikipita Manundu, nilikutana na harufu ya karanga zinazokaangwa, nikasimama kama niliyeitwa. Rafiki yangu, nikajikuta nimerudi jikoni kwa bibi, Kwamndolwa, macho yakiniwasha kwa moshi.

Mama alikuwa akikata mkonge. Aliondoka alfajiri, na mdogo wangu, ambaye hakuwa ametimiza mwaka, akabaki mgongoni mwa bibi. Jirani yetu alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Alipita nyumba kwa nyumba na mzani wake wa kuning'iniza, na bibi hakumwelewa kabisa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Umefuata nini? Humu hakuna mgonjwa.”

“Ndiyo maana nimewahi. Akishaugua nitakuwa nimechelewa.”

Bibi alisema hajapata kuona mganga anayewinda wazima.

Lakini mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ya mtoto ulikuwa ukishuka, na bibi aliona aibu. Siku ya kupima alimshindilia mtoto uji mwepesi wa mahindi mpaka tumbo likawa ngoma, kisha akamvika masweta mawili, kwenye jua lile la Korogwe!

“Bibi, tunapima mtoto au mtumba?” jirani akauliza.

Akina mama waliokuja kupimisha watoto wao wakaangua kicheko. Bibi naye akacheka, machozi yakimlenga. Masweta yalipovuliwa, mshale ulisimama chini kuliko mwezi uliopita, na mbavu za mdogo wangu zilihesabika.

Jirani hakulaumu. Kesho yake asubuhi alikaa jikoni kwetu, akamwonyesha bibi kutwanga karanga na kuzikoroga kwenye uji mzito. Kwenye mayai bibi akagoma: mtoto akila mayai atachelewa kusema.

“Basi achelewe, bibi, ila awepo wa kusema.”

Bibi akanituma kwenye kiota cha kuku.

Jirani alikuja hivyo kila asubuhi, wiki baada ya wiki, mpaka mstari ukapanda.

Jirani yule ametangulia mbele ya haki sasa. Nyumba zimewekewa mageti, na mtu wa afya tunamfuata sisi, tukiwa tumeshabebana. Nilipomsimulia haya mdogo wangu, sasa msichana mrefu kuliko mimi, alikunja uso.

“Kwani dada, niliugua nini?”

Nilitafuta jina la ugonjwa ule, nikalikosa. Haukuwahi kufika.