Godoro la Futi Tatu

Juzi nilikuwa duka la magodoro Mtaa wa Msimbazi, mto nimeubana kwapani, nikamkuta mama na binti yake. Binti anahama chuo cha Mbeya na vyuo viwili vimemkubali: kimoja hapa hapa mjini, atalala kwao Magomeni, kingine Morogoro, atakaa bweni.

"Mama, nikushushie la futi ngapi?" muuzaji akauliza.

"Tatu," alijibu mama. Ndicho kipimo cha kitanda cha nyumbani.

Binti akachezea zipu ya mkoba. "Mbili na nusu, mama. Vitanda vya bweni vyembamba."

Basi, chuo kikawa kimeshachaguliwa.

Mama alilibonyeza godoro kwa kiganja, akalitazama likiinuka taratibu. "Miaka miwili nakula peke yangu," alisema, wala si kwa hasira. Kisha kwa muuzaji: "Mfungie hilo jembamba. Na la futi tatu nifungie mimi."

"La nani tena, mama?" muuzaji akauliza.

"Likizo atalala wapi?"

Ningemcheka, ila ule mto wangu ulikuwa wa kitanda cha mwanangu, aliyemaliza chuo zamani na hajasema anakuja lini.