Okidi Iliyopelekwa Nkoroi

Nikisikia harufu ya makaa yaliyolowa maji, namwona mama yangu amechuchumaa nyuma ya nyumba yetu Kitengela, miaka ile ya tisini, kabla magorofa hayajatuzibia upepo. Mbele yake kuna ua la okidi, kisu, na beseni la makaa aliyoyapondaponda vipande vidogo vidogo.

Mama alikuwa Mkamba wa Machakos, akifanya kazi katika shamba la maua. Okidi ile ilikuwa imetupwa huko ikiwa na majani mawili yaliyonyauka, akaomba aichukue. Aliilea karibu na dirisha la jikoni, na mkokoteni wa punda uliotuletea maji ulipochelewa, sisi tulioga nusu karai ili yenyewe inywe. Baba, aliyekuwa dereva wa lori la simiti, alisema kwa utani kwamba nyumba ile ilikuwa na kifungua mimba, na si mimi.

Kuihamisha okidi kulikuwa na sheria zake, na mama alinifundisha kama wengine wanavyofundisha watoto sala. Ngoja maua yaanguke yote. Ngoja mizizi mipya ichomoze ncha za kijani, au magome ya miti yaliyo ndani ya chungu yaanze kuoza. Udongo usitie kabisa, maana mizizi yake inataka kupumua. Ipe magome mapya na vipande vya makaa. Pitisha kisu motoni, kata mizizi myeusi inayobonyea, ile migumu iache. Ukimaliza usiimwagilie siku kadhaa, vidonda vikauke kwanza.

“Ikiwa na maua, iache,” alikuwa akisema. “Mtu anayekula hahamishwi mezani.”

Mwaka ilipochanua kuliko wakati wowote, maua meupe yamejipanga kama wasichana wa komunyo ya kwanza, baba alirudi na chungu kipya cha bluu. Alisema bosi wake amehamia nyumba mpya, na itakuwa heshima kumpelekea ua lile. Mama akamwambia wakati wake bado, angoje maua yaanguke. Baba akasema bosi hawezi kungojeshwa.

Mama alimtazama kitambo. Kisha akaniambia nilete beseni.

Aliihamisha polepole, mzizi mmoja mmoja, kama mtu anayesuka nywele za mtoto aliyelala. Nilidhani anayahurumia maua.

Likizo iliyofuata, baba alinichukua twende kumsalimia rafiki yake aliyekaa mtaa wa Nkoroi. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mchanga, mcheshi, akanipa soda na mandazi. Dirishani palikuwa na chungu cha bluu. Maua yalikuwa yameanguka, kumebaki kijiti na majani. Sakafuni alitambaa mtoto mwenye masikio ya baba, yale yaliyosimama ambayo mimi pia ninayo, na ambayo shuleni nilitaniwa kwa sababu yake. Baba alimbeba, na mtoto akamshika pua kama aliyezoea.

Jioni nilimweleza mama kila kitu, nyumba, mandazi, mtoto, okidi, kwa furaha ya mtu aliyetoka matembezi. Alikuwa akikata sukuma wiki.

“Majani yake yako aje?” aliuliza.

Nikamwambia bado ni ya kijani.

“Basi itaishi,” akasema, akaendelea kukata.

Mwezi haukuisha kabla baba hajaja kuchukua nguo zake. Hapakuwa na kelele. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza mama kama siku ile ya chungu alikuwa anajua.

“Dereva hampelekei bosi ua, Mwende. Anampelekea mbuzi,” alisema. “Lakini okidi haikuwa imenikosea.”

Utulivu wake huo ulinikera miaka mingi. Lakini nilichochelewa zaidi kukielewa ni ile safari yenyewe. Baba hakuwa mjinga. Alijua mimi ni mtoto nisiyeweza kufunga mdomo, na njia nzima ya kurudi hakuniambia ninyamaze. Yale aliyoshindwa kumwambia mama ana kwa ana aliyatia kinywani mwangu, nami nikayabeba hadi nyumbani nikicheka.