Nyuzi za Embe la Katito

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Ukaushaji alinipa kisu na trei ya wavu. "Kata vipande vyembamba," akasema. "Na hizo nyuzi, toa zote. Mteja hataki kuchokonoa meno."

Hapo Katito tulikuwa na vikaushio vya jua: vibanda vya nailoni ambamo vipande vya embe hulala siku mbili tatu, mpaka vikunjike bila kuvunjika. Maembe ya kienyeji yana nyuzi kama ndevu. Nilizikwangua miaka mingi, nikazimwaga ndoo kwa ndoo. Baadaye nilihamishiwa mjini, mtaa wa Kondele wenye watu tele, kwenye chumba cha kufungashia, chini ya Mkuu wa Ubora, mwanamke aliyesomea vijidudu.

Mwaka huo mama yangu, aliyeishi Obunga, alimaliza dawa kali za kuua bakteria. Kifua kilipona, lakini tumbo likafunga choo. Akaacha kula, akakonda hadi nikaogopa. Kila wiki nilimpelekea embe letu kavu, laini bila nyuzi. Wapi. Nikamweleza Mkuu.

"Bwana, unampelekea sukari," akasema. "Hiyo inaishia huku juu. Huko chini, kwenye utumbo mpana, kuna wakazi kushinda Kondele yote. Dawa imewapunguza. Waliobaki wanangoja nyuzi, na wewe unazitupa."

"Bakteria wanakula nyuzi?"

"Wanakula kile kinachokushinda wewe. Halafu wanapika kitu cha kulisha ukuta wa utumbo wako."

Akaweka tone la maziwa lala, yale yaliyochachuka, chini ya darubini, akaniita. Niliona vijiti vidogo, vingi ajabu. Akasema hao ni bakteria, na wa tumboni ni ndugu zao.

Jumamosi nilirudi Katito, nikakausha maembe pamoja na nyuzi zake. Yalipokauka nikampelekea Mama. Alitafuna, akaniangalia.

"Nyathina, mtoto wangu, hii ni kamba ya mbuzi."

"Tafuna tu, Mama, na unywe maji. Unalisha watu."

"Watu gani? Hata jina hujaniambia."

Wiki ya pili alinipigia simu asubuhi. "Wageni wako wameshiba. Nimepata choo vizuri. Sasa niletee samaki." Mkuu alinionya nisijisifu, maji na muda pia vilifanya kazi yao. Lakini Msimamizi aliposikia, alikubali tuache nyuzi kwenye trei moja kati ya kila tatu.

Mgongo umenistaafisha kabla ya miaka hamsini. Situlii mahali, wiki hii Kendu Bay, ijayo sijui. Mfukoni sikosi embe kavu la Katito. Watu huniona nimekaa kando ya barabara, natafuna polepole, wakadhani nakula peke yangu.