Dizeli Iliyopotea Kati ya Rhonda na Subukia

Dizeli ya gari lisiloenda mbali inaenda wapi? Mama aliniuliza swali hilo jikoni kwetu Rhonda, mwiko mkononi. Mimi niliyetoka chuo kikuu na shahada ya takwimu, mimi ninayebishana hata na mhubiri, nilikwenda kuuliza mafundi.

Gari lenyewe lilikuwa limetumika Japani kabla ya kufika Nakuru. Mama alilinunua kwa akiba yake ya kupika na kuuza uji. Kila asubuhi kaka yangu Karis alilipakia majerikani ya uji, akayapeleka mtaa wa jirani wa Kaptembwo kwa vibarua wanaosubiri kazi, akarudi. Kisha sokoni, akarudi. Safari zilikuwa fupi kiasi kwamba uji ulifika ukiwa moto kuliko injini. Hata hivyo gari lilikunywa kana kwamba linakwenda Mombasa na kurudi.

Tuliuliza mafundi watatu, tukapata majibu matatu: nozeli, chujio la hewa, upepo wa tairi. Tulishughulikia yote na mshale wa tangi ukaendelea kushuka. Kulikuwa na taa ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi. Fundi mmoja alisema ni sensa tu, magari ya Japani yote yako hivyo. Kulikuwa na sauti ya mwanamke wa Kijapani kila gari lilipowashwa, na Mama alimjibu "Asante" kwa sababu hakutaka ugomvi. Niliirekodi, simu ikanitafsiria: alikuwa anadai kadi ya kulipia barabara za kwao. Kilichonitisha zaidi ni feni. Karis akizima gari, feni iliendelea kuvuma kama mtu anayehema baada ya kukimbia, ilhali halikuwa limekimbia popote.

Lakini Mama hakuwa anaogopa feni. Zamani Karis aliwahi kuuza mtungi wa gesi wa Mama ili acheze kamari. Aliacha, akaomba msamaha mbele ya kanisa zima, akaanza kuamka kabla ya jogoo. Mama alisamehe, ila hakusahau.

"Mtu ameuza mtungi atashindwa na dizeli?" aliniambia. "Ananyonya na mpira, anauzia watu wa boda."

"Pikipiki hazitumii dizeli, Mama."

"Basi anauzia wenye inatumia."

Nikamwambia tupime. Tulikuwa tunahitaji mahindi na wimbi kutoka kwa Anko Gitau, mdogo wake Mama, kule Subukia. Tungejaza tangi, niendeshe mimi, tujaze tena Subukia tuone limekunywa kiasi gani, na Karis asiguse gari siku nzima. Kama lingekunywa vibaya hata mikononi mwangu, kosa ni la gari. Mama alifikiria, akakubali, kisha akaongeza sharti ambalo sikuwa nimelitarajia.

"Na ikipatikana gari iko sawa, huyo atafute kwake. Sitalala nyumba moja na mtu anajua nikiamka saa ngapi kuniibia."

Nilikubali kwa sababu nilikuwa na uhakika gari ni bovu. Usiku ule ndipo nilianza kujiuliza uhakika huo nimeutoa wapi.

Jumamosi asubuhi, Rhonda. Karis alifungua boneti kama kawaida yake na kuchomoa dipstiki, ule ufito wa kupimia oili. Alitushikia tuuone.

"Angalia. Imejaa mpaka imepita alama. Tangu gari ije sijaongeza hata tone."

Mama hakuwa akimsifu kwa lolote siku hizo, lakini hapo aliguna. "Hapo tu Mungu alinikumbuka. Gari ya jirani, Mama Shiro, inakula oili kama mtoto na chipsi."

Nilipowasha, Karis alikuja dirishani kwangu. Alijua tunakwenda kupima nini. Nyumba yetu ina kuta za mabati.

"Nyambu, pima poa," alisema kwa sauti ya chini. "Usinihurumie. Na ukishuka Subukia, shuka na gia. Usining'inie kwa breki."

Mjini tulijaza tangi. Kijana wa pampu alisema limejaa, nikamwambia aongeze hadi niione dizeli kwa macho.

"Madam, ukiiona itakumwagikia viatu."

"Mwongezee," Mama alisema. "Huyu amesoma."

Barabara ya Nyahururu, kupanda Bahati. Mwanzoni gari lilikuwa zito kama kawaida. Kisha, tulipokuwa tumepanda kwa muda bila kusimama, jambo la ajabu likatokea: taa ya chungwa ikazimika yenyewe, na injini ikawa nyepesi, ikavuta kwa hamu. Sikuwahi kulijua gari hilo hivyo.

Mama aliiona taa kabla sijasema. "Umeona? Leo gari imejua haina mwizi."

Nilicheka kidogo, kisha nikalikumbuka sharti lake. Niliangalia mshale wa tangi. Haukuwa umesogea. Mashamba ya mahindi yalipita, watoto wenye mitungi ya maziwa wakapita, na kila nilipochungulia mshale ulikuwa palepale. Nilikanyaga mafuta bila sababu. Nilitumia gia ndogo mahali pa gia kubwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliomba Mungu gari liwe bovu.

"Mbona unaikamua hivyo?" Mama aliuliza.

"Mlima."

"Hapa ni tambarare, Nyambura."

Msituni juu ya Bahati kulikuwa na ukungu, na lami ilikuwa na unyevu. Baada ya hapo bonde la Subukia likafunguka chini yetu. Nilishuka na gia, kama Karis alivyoniambia. Sikuwa naogopa mteremko. Niliogopa kituo cha mafuta kilichokuwa mwisho wake.

Subukia mjini. Nilimwomba mwenye pampu ajaze tena, hadi niione. Hakukawia. Pampu ilikata, akaongeza kidogo, dizeli ikatokeza mdomoni mwa tangi.

"Ni hiyo tu?" niliuliza.

"Ni hiyo tu. Gari yenu inakunywa kama ndege, mathe," alimwambia Mama akitabasamu, akitarajia kuwa anatoa habari njema.

Mama hakunitazama. Alifunga kanga yake upya kiunoni. "Basi," alisema. "Nilitaka sana niwe nimekosea."

Kwa Anko Gitau. Ana ng'ombe wa maziwa na miti ya kahawa iliyopandwa na babu, na kama wanaume wengi hawezi kuona gari geni bila kufungua boneti. Alichomoa dipstiki, akaipangusa kwa leso yake nyeupe, akaichovya tena, akapiga mluzi.

"Dada, hii si gari, ni baraka! Oili imepita kipimo! Na ona vile ni nyepesi, inateleza tu."

"Oili haina shida," Mama alijibu. "Shida iko kwa nyumba."

Mezani, mkewe Anko, Auntie Wanja, alikuwa anagawa mukimo wa viazi aliposimamisha kijiko hewani.

"Gitau, rudi unawe. Unanuka dizeli."

"Dizeli gani? Nimeshika oili."

"Pua hii inanusa ng'ombe mgonjwa kutoka kwa jirani. Itashindwa na dizeli?"

"Basi ni huyu Nyambura, ndiye ametoka kwa pampu."

Walicheka. Anko alikwenda kunawa, akarudi, Auntie akamrudisha tena. Mimi sikucheka, kwa sababu Mama alikuwa ameanza kumweleza ndugu yake kuhusu Karis, taratibu, kama mtu anayetangaza msiba.

"Kesho baada ya kanisa anatoka."

"Mama, kipimo kimoja hakithibitishi kitu," nilisema.

"Si ni wewe ulisema tukipima tutajua?"

"Nilisema tungejua kama gari..."

"Ulisema. Na tumepima. Kwako imekunywa kidogo, kwake inakunywa mingi. Gari ni ileile. Sasa nieleze, wewe mwenye hesabu, ni nini imebadilika isipokuwa dereva?"

Watu wote walinitazama. Nilitafuta kilichobadilika. Barabara, mzigo, mwendo. Nilivitaja vyote, na kila kimoja kilizidisha lawama badala ya kuipunguza, kwa sababu mlima mrefu ulipaswa kula mafuta zaidi kuliko Kaptembwo. Nilikuwa nimemjengea Karis kesi nzuri kuliko yoyote ambayo Mama angeweza kuijenga peke yake.

Alasiri, kupanda kutoka bondeni. Magunia ya mahindi na wimbi yalikuwa nyuma na gari liliinama. Tulikuwa karibu kuufikia msitu niliposikia injini ikipaza sauti bila mguu wangu kuongeza kitu. Niliondoa mguu kabisa. Sauti ikapanda. Gari lilisukuma mbele, mlimani, na magunia yake yote, kama lililopigwa kiboko.

"Punguza!" Mama alisema.

"Sijakanyaga!"

Nilikanyaga klachi, na hilo likawa baya zaidi: injini ilipoachiwa mzigo ililia kama kitu kilicho hai. Nilishika breki, nikalisimamisha pembeni, nikavuta breki ya mkono, nikazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikazimika. Injini haikuzimika. Nilichomoa ufunguo, nikauona mkononi mwangu, na bado injini ilizidi kulia. Moshi mweupe ulitoka nyuma, ukatupita dirishani, ukaificha barabara yote. Lori lilipiga honi mahali fulani ndani ya moshi huo, na sikuweza kujua linatoka mbele au nyuma.

"Toka, Mama!"

Alikuwa anavuta mkanda, na mkanda ulikuwa umekaza. Alikuwa akisema jina la Yesu, sio kwa nguvu, akilirudia tu.

Ufunguo ulikuwa kiganjani na kichwa changu hakikuwa na kitu. Kisha nikamkumbuka Karis, miaka ile alipokuwa utingo wa lori bovu la mawe lililokuwa halizimiki kwa ufunguo, akinifundisha kuendesha na kujigamba: ikikataa kuzima unaipa gia kubwa, unakanyaga breki yote, unaachia klachi ghafla. Inakufa yenyewe.

Nilitia gia ya tano. Nilisimama juu ya breki kwa uzito wangu wote, nikaachia klachi. Gari liliruka, likatetemeka hadi meno yangu yakagongana, kitu kikavunjika chini, na kukawa kimya.

Lori lilitupita polepole kutokea mbele. Nilifungua mkanda wa Mama, nikamtoa, tukaketi kwenye nyasi. Moshi ulipotawanyika ndipo akauliza.

"Nani alikufunza hiyo?"

"Karis."

Alitazama bonde tulikotoka. Alifungua kanga yake kiunoni, akajifunika mabega, na nilianza kutumaini kwamba angemwacha Karis abaki.

Jioni, Nakuru. Lori la viazi lilituvuta kwa mnyororo hadi kwa fundi. Karis alikuja mbio bado amevaa aproni ya uji, akamshika Mama mabega, akamkagua kama mtoto aliyeanguka. Fundi alikuwa amekwisha kuchungulia injini.

"Oili ilikuwa imezidi sana. Injini ikaanza kuivuta na kuichoma, ndio maana ufunguo haungesaidia. Nani alijaza hivi?"

Mama aliondoa mikono ya Karis mabegani mwake.

"Sijawahi ongeza hata tone," Karis alisema. Yalikuwa maneno yaleyale ya asubuhi, lakini asubuhi yalikuwa majigambo na sasa yalisikika kama uongo.

"Nani mwingine hufungua hiyo boneti?" Mama alisema, bila kupandisha sauti. "Unakunywa dizeli yangu, halafu unajaza oili nione gari iko sawa. Leo ungenizika na dada yako."

Karis alinigeukia. "Nyambu, ulipima?"

"Nilipima."

"Na?"

Nilimwambia. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea matokeo ya hospitali, akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya magunia. Jumapili alipanda gari la Naivasha na begi moja. Mama alianza kupeleka uji kwa mkokoteni.

Gari liliuzwa kama vyuma chakavu. Mimi niliendelea kuuliza lile swali kila nilipoliona tangi la gari lolote, hadi watu wakanichoka. Na baadaye sana, nikisoma maelezo ya injini za aina ile kwa ajili ya kazi isiyohusiana kabisa na sisi, nikalikuta jibu. Nilimsomea Mama akiwa anachambua wimbi. Bomba la moshi la gari lile lilikuwa na chujio la masizi. Likiziba, injini hujimiminia dizeli ya ziada ili joto liyachome masizi. Barabara ndefu humaliza kazi hiyo na gari huwa jepesi. Safari fupi huikata katikati kila siku, taa ikibaki inawaka na feni ikivuma, na kila siku huanza upya.

Mama aliacha kuchambua. "Na hiyo dizeli haijaungua inaenda wapi?"

Nilimwonyesha mstari kwenye simu. Hakuusoma, alinyoosha mkono akaomba namba ya Karis.

Dizeli hiyo hupenya kando ya pistoni na kushuka chini kwenye oili. Ndiyo sababu oili yetu haikupungua kamwe, bali ilipanda, ikawa nyepesi, ikapita alama, tukaisifu. Dizeli ambayo Mama aliitafuta mifukoni mwa Karis ilikuwa kwenye dipstiki kila asubuhi alipotushikia tuione, na siku ile Subukia ilikuwa kwenye leso nyeupe ya Anko Gitau.