Mfuko Usio na Kamba

Nesi wa kliniki pale Hurlingham aliniandikia orodha ya vitu vya kwenda navyo hospitali: pamba, leso mbili, wembe mpya, nguo za mtoto. Na nguo hizo, alisema akipiga mstari kwa kalamu, ziwe kwenye mfuko wa kitambaa unaofungwa mdomo kwa kamba. Si karatasi za plastiki, hizo zinafanana zote na zinapotea wodini. Nilimwitikia vizuri kama mtu mzima mwenye akili zake, kisha nikaenda chooni nikalia.

Kwetu mtoto hatayarishiwi kitu kabla hajafika. Hununui nguo, hushoni, hata jina hulitaji. Mimba ya kwanza niliyacheka mambo hayo. Mimi nimezaliwa Nairobi, nikasema, nimesoma, msiniletee ushamba. Nikanunua shali ya manjano, soksi, kofia, kila kitu, nikavipanga kwenye begi mwezi mzima kabla. Mtoto alizaliwa ameshakufa. Nilitoka hospitali nimeshika begi. Hakuna aliyeniambia "tulikuonya", na hilo ndilo liliniudhi zaidi, maana niliwasikia wote wakilisema kwa macho.

Hiyo ni miaka ya elfu mbili na kidogo, tukikaa mtaa wa Jamhuri, nyumba ya vyumba viwili. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimba hii ya pili mimi nilishtuka kutwa. Mtoto akitulia kidogo tumboni nilikunywa maji ya sukari nimchokoze apige teke. Asipopiga nilizunguka meza nikimgombeza. Mama mkwe alikuja kutoka Ukambani wiki sita kabla ya siku zangu, na gunia la ndengu na sweta ya kijani ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Hakuwa mtu wa maneno. Mimi ni mtu wa maneno. Hebu fikiria hiyo nyumba.

Nilimwambia mume wangu kwamba mfuko lazima nishone, lakini Mama asiuone.

"Si umwambie ni wa viatu," akasema, macho kwenye gazeti. Wanaume!

Kamba nilienda kuinunua River Road, mita moja na nusu, nyeupe. Nikamwambia muuzaji ni ya suruali ya mume wangu, kana kwamba aliniuliza. Kitambaa nilikata kwenye shuka kuukuu, na nikangoja asubuhi ambayo Mama huenda ibada ya akina mama.

Kazi yenyewe si kitu. Unakunja kitambaa, unashona pande mbili, juu unakunja upindo mpana wa kupitisha kamba, na kando unaacha nafasi ndogo kamba iingilie. Mtoto wa darasa la sita anaweza. Mimi nilishona mpaka juu kabisa nikaiziba ile nafasi. Nikafumua kwa wembe, nikashona upya, nikaiziba tena palepale! Nilisonya nikatupa sindano, kisha nikaanza kuitafuta sakafuni kwa magoti na tumbo la miezi minane, nikiomba Mungu isinichome. Haki nilidhani mikono yangu inanikataza.

Mara ya tatu ikakubali. Nikafunga kamba kwenye pini, nikaisukuma mpaka ikatokea upande wa pili, nikavuta. Mdomo ukajifunga vizuri. Badala ya kufurahi, nikaingiwa na baridi. Umekwisha. Kitu cha mtoto kiko tayari ndani ya nyumba, na mtoto mwenyewe hajaja. Nilikuwa nimerudia kosa lilelile, tena kwa mikono yangu.

Mlango ukafunguliwa. Mama alikuwa amerudi mapema.

"Huu ni wa nini?"

"Wa viatu, Mama."

Akautazama ule mfuko, ambao usingeingia hata kiatu kimoja cha mwanawe. Akaketi kando yangu, akafungua fundo, akaivuta kamba yote polepole, akaizungusha kwenye vidole. Akachukua na pini. Kisha akainuka.

"Mama, hospitali wameuagiza!" nikapayuka.

Akageuka mlangoni. "Bila kamba ni kitambaa tu. Acha kiwe kitambaa. Nguo zitanunuliwa akilia."

Nilikasirika. Jioni nilimwambia mume wangu kuwa mama yake ameitupa kamba yangu, kwamba ananiona mimi ndiye niliyemuua mtoto wa kwanza kwa begi. Akasema mama yake hawezi kufikiri hivyo. Nikamwambia anyamaze. Lakini nitasema ukweli: kuanzia siku hiyo nilipata usingizi. Kile kipande cha shuka kilikaa kabatini na hakikunitisha. Kilikuwa hakijaisha.

Uchungu ulikuja wiki mbili mapema. Sikumbuki njia ya hospitali, nakumbuka tu nikimuuliza kila nesi anayepita kama anasikia moyo wa mtoto. Wakanijibu ndiyo, ndiyo mama, tulia. Sikuweza kutulia. Mara ya kwanza pia waliniambia ndiyo.

Alilia. Msichana, na sauti kama ya kuuza sukuma wiki. Mume wangu alitoka mbio kununua nguo, akarudi na kofia mbili na suruali ya mtoto wa mwaka mmoja. Nesi akauliza mfuko uko wapi.

Nikauonyesha, mdomo wake wazi, hauna kamba, na nikaanza kujieleza. Mama mkwe akafungua vifungo vya sweta. Ndani, upande wa moyo, kulikuwa na pini yangu, na kamba yangu imezungushwa juu yake. Wiki zote hizo alikuwa ameivaa.

Akaketi kwenye kiti cha plastiki aanze kuipitisha. Akakosa tundu. Akajaribu tena, akakosa. Vidole vilikuwa vinamtetemeka vibaya, na ndipo nilipojua kwamba katika ile nyumba sikuwa nimeogopa peke yangu.

"Mama, lete nikusaidie," nikasema, nikanyoosha mkono.

"Hapana," akasema, bila kuinua macho. "Wewe shika mtoto."