Mama Hapangi Mstari

Mama yangu alikuwa hapangi mstari. Sisemi kwa kujivuna, maana jambo hilo lilinikera kila asubuhi ya Mungu, pale kando ya mto tunapongojea mitumbwi ya kwenda Lubunga. Mimi nafundisha shule ya msingi ng'ambo ile, na yeye ana shamba lake la mihogo ng'ambo ile ile. Tulikuwa tunatoka nyumbani pamoja, tunatembea pamoja, tunafika pamoja. Halafu mimi naenda kusimama nyuma ya watu wote, naye anapita mbele na kikapu chake, kilemba kimekaa sawasawa, anaingia mtumbwini na kukaa mahali pazuri, karibu na katikati, ambapo maji hayarukii.

"Mupishe mama jenerali," mvushaji alikuwa anasema. Alisema hivyo kila siku, kwa ulimi mchungu. "Mama jenerali amefika. Mupishe mbio, tusipigwe."

Mama naye hakuumbiwa kunyamaza. "Angalia injini yako inakohoa," alimjibu. "Na wewe mwenyewe uoge, unanuka mafuta ya mazuti."

Watu walicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa na miiba. Muuza samaki mmoja, mwanamke mwenye mabega mapana, alikuwa akinigeukia mimi. "Mwalimu, na miye mwaka huu nitazaa askari, nipate kukaa mbele." Mimi nilitazama viatu vyangu. Alikuwa na haki.

Askari mwenyewe ni mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama. Tuko wawili tu. Kabla ya jeshi alikuwa anaendesha toleka, zile baiskeli zetu za kubeba watu, zenye kiti cha sponji nyuma. Alikuwa na diploma yake ya serikali ndani ya sanduku, na miguu yake juu ya pedali. Kila mwenye toleka hapa Kisangani anajua kwamba askari halipi nauli. Anapanda, anashuka, anaenda zake. Siku moja mdogo wangu alimbeba mmoja toka sokoni mpaka Simi-Simi, jua la saa sita, akathubutu kuomba nauli yake. Alirudi nyumbani anasukuma baiskeli yenye gurudumu lililopindwa, shavu limevimba mpaka jicho halionekani.

Mama alimkanda kwa maji ya moto. Yeye hakulia. Aliniambia tu, kwa jina analoniita mimi mkubwa wake, "Yaya, kumbe inchi hii iko na batu ya aina mbili. Ule anapiga na ule anapigwa." Sikuyapenda maneno yale, na sikuipenda sauti iliyoyasema. Haikupita muda mrefu akaenda kujiandikisha. Mama alimkataza, mimi nilimfokea, akatusikiliza vizuri kwa heshima zote, halafu akaenda.

Likizo yake ya kwanza ndiyo iliyoleta mambo. Alitusindikiza mtoni asubuhi, amevaa sare, bunduki begani. Mstari ulikuwa mrefu. Alimshika mama mkono, akampitisha mbele ya watu wote, akamkalisha mtumbwini kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akamgeukia mvushaji, mtu mzima wa rika la baba yetu. Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Papa, huyu ni mama yangu. Yeye hapangi mulongo. Siku nitasikia alisimama hapa juani, hata niko wapi, nitakuya miye mwenyewe."

Mvushaji aliangalia bunduki, akaangalia maji, akasema, "Nimesikia, chef." Mzee anamwita mtoto chef, yaani mkubwa. Nilitamani mto unimeze.

Sasa hapo lazima niseme habari ya baba. Baba alikuwa muuguzi. Miaka na miaka alivuka kwenda vituo vya afya vya ng'ambo, amebeba lile sanduku la chanjo lenye barafu ndani. Barafu haingoji mtu. Nilimwona mara nyingi amesimama ndani ya mstari, sanduku juu ya mabega ili joto la mchanga lisiliguse, maji yakimtiririkia shingoni. Hakuna aliyesema "mupishe papa muganga," na yeye hakuomba. Alikufa kwa ugonjwa wa kawaida, kitandani kwake, na mstari ulibaki pale pale.

Mchana ule nilimngoja mdogo wangu amalize kula. Mama alikuwa amempikia pondu, majani ya mihogo, na samaki, amemwekea na kwanga mbili, mikate yetu ya mihogo ya kufungwa majanini, mbele yake, naye anakula akiwa ameupa ukuta mgongo, jambo ambalo zamani hakulifanya. Nikamtolea yote. Nilimuuliza, baba alivusha dawa za watoto wa watu maisha yake yote, nani alimpitisha mbele? Mimi nafundisha watoto wa basoda, wa askari wenyewe, kusoma, mshahara unakuja ukipenda, nani ananipisha? Na yule aliyekupiga pale Simi-Simi, naye alikuwa anastahili kupishwa?

Alitafuna polepole. "Yaya, wewe ukikosea, unapangusa ku tableau, ku ubao, unaandika tena."

"Na wewe ukikosea?"

Alinawa mikono, akaikausha kwenye suruali yake ya sare. Ndipo akasema, bila kuniangalia, "Mshahara yetu inachelewa. Wakati mwingine haifike. Sina nyumba ya kumujengea mama, sina kitu. Kile niko nacho ni kwamba batu baniogopa. Donc, basi, nimemupatia mama hiyo."

Nilikuwa na la kumjibu. Mimi sikosi la kujibu, hata wanafunzi wangu wanajua. Lakini mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, na uso wake ulikuwa umejaa fahari ya ajabu, fahari ya mtu aliyepewa zawadi baada ya miaka mingi ya kutopewa kitu. Nikaondoa sahani. Hata leo sijabadilika katika jambo hili: sare haimfanyi mtu kuwa mkubwa wa mwenzake. Ila hasira yangu tangu siku ile ilikuwa na kitu kinachoikaba shingo.

Akaondoka kwenda mashariki, kule vita vilikokuwa vinasogea. Mwanzoni alipiga simu mara kwa mara, akimtania mama. "Banakupisha?" Mama anacheka, "Banapisha sana, baba." Halafu simu zikawa fupi. Halafu ikawa anapiga na kusikiliza tu, mama ndiye anayesema, habari za mihogo, za mvua, za mbuzi wa jirani, na upande wa pili pumzi tu. Mama alikuwa akimaliza anabaki na simu mkononi, ameiangalia kama sahani iliyorudi na chakula chake.

Msimu ule mto ulijaa vibaya. Maji yalikuwa mekundu, yanabeba matawi mazima, na wavushaji walipunguza watu. Asubuhi moja tulikwisha kuingia mtumbwini, hata mimi zamu yangu ilikuwa imefika, mara kikosi kikateremka kutoka barabarani. Mkubwa wao akasema wote tushuke, askari wanavuka kwanza. Watu wakashuka. Mwenye nguvu mpishe. Palikuwa na mwanamke mwenye mtoto anayechemka homa, kichwa cha mtoto kimelala begani, macho yamegeuka. Naye akashuka.

Mama ndiye pekee aliyeambiwa abaki. Mvushaji aliwaeleza kwamba ni mama wa mwenzao, na mkubwa akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Nilimwangalia mama: shuka. Alinielewa vizuri sana. Akatazama pembeni, akavuta kikapu chake katikati ya miguu. Mimi nikaenda kusimama na yule mwenye mtoto, nimfunike na mwavuli wangu, na nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba meno yaliniuma.

Jioni nilipokuwa nawasha mkaa, mama alikuja akaketi. Nilijua atajitetea, nikajiandaa. Hakujitetea. Alisema, "Bale batoto habakuwa na sauti."

"Watoto gani?"

"Bale basoda. Hakuna mwenye aliimba, hakuna mwenye alisema. Mumoja aliniomba kipande ya kwanga, nikamupatia yote. Alishindwa kufungua majani. Nikamufungulia. Hata ndevu hana."

Nilitaka kumkumbusha yule mtoto wa homa. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Nikapuliza mkaa.

Baada ya hapo simu haikupigwa tena. Tulipiga sisi, sauti ya mwanamke ikatuambia kwa Kifaransa kizuri kwamba mtu huyo hapatikani. Mama alisema ni mtandao. Jirani alisema ni mtandao. Mimi pia nilisema ni mtandao, na nilisema kwa sauti kubwa kupita lazima. Helikopta zikaanza kupita juu ya paa letu, zikielekea uwanja wa ndege wa zamani wa Simi-Simi. Mama alipokuwa anatwanga pondu, mlio ukisikika, mchi ulikuwa unabaki juu. Hauteremki mpaka mlio uishe. Sisi wa mji huu tunajua mlio wa kitu kinacholeta na mlio wa kitu kinachochukua, na ule hatukuweza kuujua. Niliogopa. Naweza kusema hivyo waziwazi, niliogopa hata kuamka.

Ikafika asubuhi ile. Hakukuwa na mvua, ila wingu lilikuwa limelala chini juu ya mto, ng'ambo haionekani. Tuliteremka mama na mimi. Mstari ulikuwapo, mrefu kama kawaida. Nikaona muuza samaki ametuona, nikajitayarisha kwa utani wake. Aliinamisha kichwa, akaanza kupanga samaki wake ambao walikuwa wamepangwa tayari.

Mama akapita mbele. Watu walisogea kabla hajawafikia, wakamwachia njia pana, pana kuliko anavyohitaji mtu mmoja na kikapu. Mvushaji akaacha injini yake, akaja mpaka kwenye matope, akampokea kikapu kwa mikono miwili. Akampa mkono ashikilie. Mama akaingia, akakaa. Mvushaji alipangusa ubao wa pembeni yake kwa shati lake.

"Starehe, mama," akasema, taratibu.

Mama alimwangalia. Nilikuwa nyuma lakini niliuona uso wake.

"Leo hausemi?"

"Niseme nini, mama?"

"Ile yako ya kila siku."

Mvushaji aliangalia maji. Mdomo wake ulijaribu, Mungu anajua ulijaribu, lakini haukutoa neno. Mtu mwenye ulimi ule.

Mama akasimama. Mtumbwi uliyumba, mvushaji akataka kumshika, mama akauondoa mkono wake. Alichukua kikapu, akashuka kwenye matope bila kuinua nguo, akapita mbele ya watu wote, mmoja mmoja, akipandisha kwenda nyuma. Nikatoka kwenye nafasi yangu nimfuate, ndipo mvushaji akanivuta kiwiko.

"Mwalimu. Jana mchana nilivusha basoda batatu ba bataillon ya mudogo wako. Mumoja mukono umefungwa. Bananiuliza nyumba yenu iko wapi, halafu banasema hapana, acha, mukubwa wao ndiye atakuya."

"Atakuja kusema nini?"

"Usinifanye miye niseme, mwalimu. Tafadhali."

Sikumfanya aseme. Nilipandisha kwenda kwa mama. Alikuwa amefika mwisho kabisa, nyuma ya kijana mmoja mwenye gunia la makaa. Kijana akasogea ampishe. Mama akakataa kwa mkono. Waliokuwa mbele nao wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja, wakimzunguka ili abaki mbele yao, na yeye kila mara akiinua kikapu na kurudi nyuma yao tena. Ikawa mstari wote unateleza kurudi barabarani, na mtumbwi uko pale chini mtupu, injini inawaka.

Nilimshika bega. Mimi, niliyetaka siku zote hizo asimame na watu. "Mama, twende ukapande. Wanakupisha. Nakuomba, mama, panda."

"Hapana. Leo napanga mulongo."

"Jua litatoka. Utachoka."

"Litoke," akasema.

Aliweka kikapu chini, akafungua kilemba akakifunga upya, akageuka akaupa mto mgongo. Alikuwa anaangalia barabara inayoteremka kutoka mjini, ile aliyopita mdogo wangu na sare yake siku ya likizo, na alikuwa anaiangalia kwa uangalifu, anamkagua kila anayeteremka.

"Alisema siku atasikia nilisimama hapa, hata yuko wapi atakuya yeye mwenyewe," mama akaniambia. "Donc niache nisimame."