Mwandiko wa Mke wa Fundi Nukta

Hakuna aliyemlazimisha Fundi Nukta. Tuanze hapo, maana siku hizi anapenda kujifanya mtu aliyeibiwa.

Jina hilo alipewa na wenzake kwenye kampuni yao ndogo ya kubuni herufi. Kampuni kubwa ikitaka herufi zake yenyewe za kuweka kwenye mabango na matangazo, huja kwao. Fundi aliweza kushinda kutwa mbele ya kompyuta akisogeza nukta ya "i", mpaka bosi anamwuliza kama ana ugomvi nayo.

Basi ikaja kampuni ya simu. "Wanataka herufi za mtu anayekupenda," bosi akasema, akajikuna kichwa. Wote wakachora, zote zikakataliwa. Ndipo Fundi akaleta bahasha ndogo za dawa. Mkewe ni muuzaji wa duka la dawa, na kwenye bahasha hizo ndiko alikomwachia maneno kila asubuhi: "Chakula kiko mezani. Kula kwanza, kununa baadaye." Bosi akasoma, akacheka, akasema, "Ndizo hizi." Mke akaulizwa, akakubali. Fundi akazichora upya, zilizoinama akazinyoosha, na kampuni ya simu ikazinunua ziwe zake peke yake, bahasha zote ikachukua.

Hapo mtu akaanza kukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe. Mji mzima ukawa unasemeshwa na mkewe. "Mpendwa, tumekukumbuka." "Mpendwa, usikae kimya." Naye mwenye mke, siku hizi anapata ujumbe wa simu: "Chakula kipo." Wivu ukamshika, wivu hasa, ule unaomnyima mtu usingizi. Akimwona dereva ametabasamu chini ya bango, anaona mgoni wake.

Kwa kinyozi ndiko alikolipuka. Juu ya kioo palikuwa pamebandikwa tangazo la kampuni ya simu: "Rudi tena, mpendwa."

"Hilo litoe," Fundi akasema, povu bado shavuni.

"Nilitoe kwa nini, kaka? Nikilisoma asubuhi naona kabisa naambiwa mimi."

"Huo ni mwandiko wa mke wangu!"

Wateja wakaangua kicheko. "Mwenye wivu ajinyonge," kinyozi akasema, "ila ngoja kwanza nimalize shavu la pili."

Alifika nyumbani amefura. Mkewe alikuwa anakunja nguo.

"Mama watoto, niandikie neno. Langu peke yangu, asilione mtu mwingine."

"Una homa?" Lakini kalamu akaichukua.

Aliandika polepole, ncha ya ulimi nje. Fundi akapokea karatasi kwa pupa. Herufi zilikuwa zimesimama wima, zimelingana, kila nukta mahali pake. Zilikuwa zilezile za mabangoni.

"Umeona?" mkewe akasema kwa fahari. "Nimejifunza kwa kuyatazama mabango. Zamani nilikuwa naandika kama kuku anachakura. Wewe ndiye uliyeninyoosha."

"Andika kama zamani."

Akajaribu, akafuta, akajaribu tena, akacheka. "Mkono umesahau, baba watoto. Kwani niliandikaje? Si wewe ndiye fundi, hebu nionyeshe."

Fundi akashika kalamu. Alizikumbuka herufi zile za zamani zilizoinama, alikuwa amekaa nazo miezi. Akaandika jina la mkewe, mkewe akiwa amemwinamia begani, na kilichotoka kikawa cha kampuni ya simu.